Huli nyama na kwenu kila siku ni nyama? Soma hapa, hatua kwa hatua

Wadogo zangu, hii naandika kwa ajili ya yule mtoto wa miaka 14, 15, 16 hivi ambaye moyoni ameshaamua hali tena nyama lakini anakaa kwa wazazi, hela hana, sufuria si yake, na kila jioni mezani kuna nyama. Nimepita hapo. Mi ni binti wa Kichaga, nyumbani ni Arusha na kijijini kwetu ni Rombo, na kama unawajua Wachaga unajua mbuzi kwetu ni zaidi ya chakula, mbuzi ni heshima, ni kuomba msamaha, ni harusi, ni Krismasi yenyewe. Niliacha nikiwa na miaka 15, sa hivi nina 24.

Ilikuwa hivi. Mwaka ule tulipanda kijijini mapema, mbuzi wa sikukuu akaletwa wiki mbili kabla na kazi ya kumlisha nikapewa mimi. Kila asubuhi nampelekea majani ya mgomba, ikafika mahali anazijua hatua zangu, nikikaribia tu mlango wa banda anaanza kulia. Tarehe 24 nikaambiwa nishike kamba. Nikashika. Sikulia mbele ya watu, ila supu ilipoletwa mkono ulikataa kwenda kwenye bakuli na mpaka leo haujaenda.

Sababu yako inaweza kuwa nyingine kabisa, dini, afya, huruma, mazingira, au tu nyama haikupandi, zote sawa. Ila kuna moja naomba ujiulize kwa ukweli ukiwa peke yako: je unaacha ili upungue mwili, na nyama imekuwa njia ya kukwepa kula mbele ya watu? Kama ndo hivyo basi mdogo wangu funga hapa kwanza, mtafute mtu mzima unayemwamini umwambie, maana nitakayosema hapa chini ni ya mtu anayetaka kula ashibe.

Hatua ya 1: Jua unaacha nini, kwa majina

Hili ndo watu wengi wanaliruka halafu linawasumbua mwaka mzima. Ukisema nyumbani "mimi nakula mboga tu" hujasema kitu, kwa sababu kwetu mboga ni chochote cha kushushia ugali. Mtu anauliza leo mboga nini, anajibiwa nyama. Na ukisema "sili nyama" napo hujamaliza, maana kwa watu wengi nyama ni ng'ombe na mbuzi basi, kuku ni kuku, samaki ni samaki, na dagaa ni dagaa hata hawamo kwenye hesabu. Mama mdogo wangu mwezi wa kwanza alinipikia kuku wa kienyeji kwa upendo kabisa, ametoka naye mbali, anasema najua huli nyama ndo maana nimekuletea kuku. Sasa pale kosa lilikuwa langu, sikuwahi kumwambia.

Kwa hiyo chukua karatasi uandike: ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kuku, samaki, dagaa, mchuzi wa nyama, supu ya mifupa, mafuta ya nguruwe, mayai, maziwa. Mbele ya kila kimoja andika nakula au sili. Kuna wanaoacha vyote mpaka maziwa, kuna wanaobaki na samaki, ni uamuzi wako, ila ushauri wangu kwa mtu ambaye bado anakua na bado anakula kwa wazazi ni usiache maziwa na mayai. Sababu nitaieleza kwenye hatua ya damu. Ukifika miaka yako na hela yako utaamua upya.

Hatua ya 2: Chagua wa kumwambia na saa ya kumwambia

Usiseme mezani. Narudia, usiseme mezani. Pale mezani watu wameshapakuliwa, mama amesimama jikoni masaa mawili, baba ametoka kazini na njaa, we unasukuma bakuli unasema nimeacha nyama, hapo hakuna atakayesikia habari ya nyama, watasikia umekataa chakula cha mama. Na kwetu kukataa chakula cha mtu ni kumkataa mwenyewe, hicho ndo kinauma, ndo ugomvi wote unapoanzia.

Anza na anayepika. Mfuate jikoni mchana hakuna haraka, kaa naye kwenye kigoda, shika kisu, chambueni mchicha, mkiwa mnaongea mambo mengine sema taratibu. Mi nilisema hivi: "Mama, kuna kitu nataka nikwambie na naomba usijisikie vibaya, chakula chako nakipenda, ila nyama nimeshindwa kuila tangu ile Krismasi, nimejaribu, haipiti. Naomba niwe nakula vile vingine na nitakuwa napika mwenyewe pale inapobidi." Akanyamaza. Akaendelea kuchambua. Baadaye ndo maswali yakaanza, na nayaandika hapa ili yasikukute hujajiandaa.

Unaumwa? Una vidonda vya tumbo? Kama hauumwi sema hauumwi, na ukubali kwenda kupima ili aridhike. Kama ni binti ujue kuna swali lingine ataliuliza kwa macho kabla ya mdomo, kwamba una mimba, maana mabinti wengi huchukia nyama wakiwa wajawazito na mama anajua hilo kuliko wewe, usikasirike, ni hofu ya mzazi. Umeingia dini gani? Hili lilitoka kwa baba, aliona nimekuwa Msabato kwa siri, kwa sababu jirani yetu Msabato hali nyama na kanisa lao linahimiza chakula cha mimea. Nikamwambia baba Jumapili si tupo wote kanisani. Nani kakufundisha? Hapa usitaje mtandao, hata kama ni kweli ulianzia huko, sema kilicho moyoni kwako.

Usiseme nyama ni mbaya. Usiwaonyeshe video za machinjioni. Hao watu wamekulea kwa hiyo nyama, na mara nyingi kilo moja ya nyama mezani ndo alama ya baba kwamba mwezi huu mambo yameenda vizuri. Sema habari zako tu, mimi siwezi, mimi haipiti, basi.

Halafu omba muda wa majaribio. Sema tujaribu miezi mitatu, mwisho tuende kituo cha afya nipimwe damu, ikishuka tunaongea upya. Mzazi ukimpa tarehe na kipimo anatulia, anaona hili jambo lina kichwa na miguu.

Hatua ya 3: Ingia jikoni, na uingie kweli

Hapa ndo penyewe. Anayekuchosha wewe ukiwa huli nyama si baba anayesema maneno, ni kazi ya ziada. Mama akianza kupika sufuria mbili kila siku kwa sababu yako, mwezi hautaisha ataanza kukuchukia kidogo kidogo, na ana haki. Kwa hiyo hiyo sufuria ya pili ni yako, uijue, uioshe, uiogope kuungua.

Kwanza angalia vitu ambavyo tayari nyumbani vinapikwa bila nyama. Kaa uhesabu utashangaa: maharage ya kuunga, makande, kunde, choroko, mbaazi za nazi, dengu, mchicha wa karanga, kisamvu, matembele, bamia na nyanya chungu, chapati na maharage, ndizi za nazi, viazi vitamu asubuhi, mayai ya kukaanga, chipsi mayai. Kwetu kuna kiburu, ndizi na maharage yanapikwa pamoja na magadi kidogo na kupondwapondwa, chakula cha mababu na hakina kipande cha nyama. Wakenya wana githeri na ndengu. Kama ni familia ya Kikatoliki ile Ijumaa ya Kwaresima mama anapika nini? Basi hicho hicho. Usimwambie unaanza chakula kigeni, mwambie naomba kile cha Ijumaa.

Pili, huu ujanja ndo umeniokoa miaka yote. Nyama yetu ya kila siku ni rosti, si ndio, kitunguu kinakaangwa, kitunguu saumu na tangawizi, karoti, hoho, nyanya zinapikwa mpaka mafuta yanapanda juu, ndo nyama iliyochemshwa inaingia. Sasa kabla nyama haijaingia, wewe uwe umesimama pale na sufuria yako ndogo. Chota upawa mmoja na nusu wa ile rosti yenye nyanya, weka kwako, tia maharage yaliyochemshwa au mayai yaliyochemshwa ukayakata katikati, au choroko, funika dakika kumi. Umekula ladha ile ile ya nyumbani, jiko limewashwa mara moja, mama hajaongeza kazi. Na mwiko wako uweke pembeni kwenye sahani, kwa sababu mkono wa mpishi una mazoea, atakoroga kule kwenye nyama na kuja kukoroga kwako bila kujua.

Tatu, maharage yapikwe mara moja kwa wiki. Ijumaa usiku chambua kilo moja, loweka kwenye maji mengi. Jumamosi asubuhi maji yale mwaga, usipikie, ndo yanayojaza tumbo gesi. Tia maji mapya yachemke kwa nguvu kabisa kwanza, hasa maharage mekundu, hayo yakiliwa nusu mbichi yanatapisha, ndo upunguze moto yaive mpaka ukiminya kwa vidole viwili yanasagika. Usitie chumvi mapema. Yakipoa gawanya kwenye makopo yenye mifuniko, kama kuna friza weka huko, kila siku unatoa kopo moja. Kama hamna friji pika nusu kilo mara mbili kwa wiki, uwe unayachemsha tena asubuhi na jioni. Kwa presha kuka unaokoa gesi sana, na hili la gesi mwambie mama kabla hajakwambia yeye.

Mchicha wa karanga nauandika hapa kwa sababu ndo uliombadilisha baba yangu. Karanga kikombe kimoja, kaanga bila mafuta moto mdogo mpaka maganda yanaanza kupasuka na jikoni kunanukia, zipepete, zitwange ila zisiwe unga kabisa, ziachie chembechembe. Mafungu mawili ya mchicha, osha maji matatu maana mchanga wa mchicha unaharibu kila kitu, katakata. Kaanga kitunguu, nyanya mbili, tia mchicha usiweke maji, ukilegea ndo unazikoroga karanga na kikombe kidogo cha maziwa au tui, unamimina, moto mdogo, unakoroga bila kuacha kwa sababu karanga zinashika chini haraka sana. Ukiona mafuta ya karanga yanatokeza pembeni umeiva. Epua, kamulia nusu limau. Pika mwingi wa watu wote. Weka katikati ya meza karibu na nyama, usiseme kitu.

Hatua ya 4: Damu na nguvu, hapa usibahatishe

Watakwambia utaishiwa damu. Wanaongea kitu cha kweli, usibishe, jibu lako liwe sahani yako.

Chuma kwanza, yaani madini ya kutengeneza damu. Msichana wa miaka 14 mpaka 18 anahitaji kama miligramu 15 kwa siku, mvulana kama 11, msichana zaidi kwa sababu ya hedhi. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 4 au 5 hivi. Shida ni kwamba chuma cha mimea mwili unakipokea kwa shida kuliko cha nyama, na mchicha wenyewe tunaousifia una vitu ndani yake vinavyokizuia, kwa hiyo usitegemee mchicha peke yake. Vitu viwili vinabadilisha hesabu. Cha kwanza ni vitamini C kwenye mlo huo huo: limau juu ya maharage, kachumbari, hoho mbichi, chungwa, embe, pera, juisi ya ubuyu. Cha pili ni chai, na hapa naomba unisikilize kabisa kwa sababu sisi tunakunywa chai na kila kitu. Chai na kahawa pamoja na chakula inaweza kukata zaidi ya nusu ya kile chuma ambacho ungekipata. Yaani umeloweka maharage usiku, umepika masaa mawili, halafu umeyashushia na chai ya rangi, umemwaga. Kunywa chai yako saa nzima au zaidi baada ya kula. Mi hili sikulijua mwaka wa kwanza, nilikuwa nakula vizuri kabisa na bado nikawa nachoka, nikipanda ngazi za shule moyo unadunda, kumbe ni vile vikombe viwili vya chai mezani. Nilivyoacha tu hiyo na kuanza kukamulia limau, kipimo kilichofuata kilikuwa kimepanda.

Protini. Kijana wa kilo 50 anahitaji kama gramu 43 kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyoiva ni kama 15, mayai mawili 12, kikombe cha maziwa 8, konzi ya karanga 7, hapo tayari umefika 42 na hatujahesabu ugali wala chapati. Yaani inawezekana kabisa na vitu vya gengeni. Ila ukila ugali na mchicha peke yake siku zote, hapo ndo wanaosema utakonda watakuwa sawa, na ninaona vijana wengi wanaanguka hapa: wanaondoa nyama sahanini na hawaweki kitu mahali pake.

Halafu B12. Hii ndo sababu nilisema usiache maziwa na mayai. Hii vitamini haipo kwenye mimea kwa kiasi cha kutegemea, si kwenye maharage wala kisamvu, ipo kwenye vyakula vya wanyama tu, na ikiisha inaharibu damu na mishipa ya fahamu, mikono inakufa ganzi, na inakuja polepole sana kwa sababu ini huwa limeweka akiba ya miaka, ukija kujua umechelewa. Kwa siku kinahitajika kidogo tu, maikrogramu 2.4, na vikombe viwili vya maziwa freshi au mtindi vinakufikisha karibu na hapo, yai moja linaongeza nusu maikrogramu. Kama umeacha vyote mpaka maziwa basi lazima umeze vidonge vya B12, muulize mfamasia, na hapo hakuna mjadala wala cha kusema mimi nasikia niko poa.

Uji wa ulezi nao usiudharau, ulezi una kalisi nyingi kuliko nafaka zetu nyingine, na ukitia maziwa na karanga kidogo asubuhi umeshamaliza kazi kubwa.

Kapime. Kituo cha afya au zahanati omba kupimwa wingi wa damu. Kwa msichana ikiwa chini ya 12 damu ni pungufu, kwa mvulana kuanzia miaka 15 ni chini ya 13. Nenda na mama, asikie mwenyewe daktari akisoma namba. Na ikiwa imeshuka usifiche, kula dawa utakazopewa na urekebishe sahani.

Hatua ya 5: "Toa nyama, kula mchuzi"

Utaambiwa hivi mara mia. Mtu anakuchotea pilau halafu anachagua vipande anavitoa kimoja kimoja kwa uma, anakwambia haya sasa hamna nyama. Kwake amekusaidia kweli. We sema asante, eleza kwa upole kwamba hata ule mchuzi haupiti, na ule kachumbari na ndizi. Usikunje uso. Usinuse chakula cha watu, jamani, hilo ni tusi.

Vitu vya kuuliza kabla: maharage ya mgahawani mara nyingine yameungwa na mafuta ya nyama, makande kuna nyumba yanachemshwa na mfupa, ndizi za sherehe karibu zote zina nyama, kisamvu Pwani kinaweza kutiwa dagaa au kamba, urojo wa Zanzibar unawekewa mishkaki lakini ukiomba bila mishkaki unapewa, na vile viungo vya mraba vya kuongeza ladha vingine vina nyama au kuku ndani, soma pakiti. Kama uko Dar ukaenda mjini mtaa wa Kisutu kuna Wahindi wengi wasiokula nyama kabisa kabisa, kule unakula bila kuuliza swali hata moja, bhajia, dengu, chapati, nakumbuka mara ya kwanza nilivyoingia kule nikakaa nikala nikamaliza sahani bila kuchambua chochote, machozi yakanilenga.

Ukija kugundua umekula nyama bila kujua, basi umekula. Usitapike kwa makusudi, usifanye fujo. Kesho unaendelea.

Hatua ya 6: Sherehe, misiba na bibi

Mezani nyumbani utazoea ndani ya miezi. Kazi iko kwenye ukoo. Kwetu mbuzi akichinjwa nyama inagawiwa kwa mafungu, kila mkubwa ana sehemu yake, na ukipewa kipande umepewa heshima, umehesabiwa. Kwa Waislamu Iddi ya kuchinja ni hivyo hivyo, nyama inayogawiwa ina maana yake. Kwa hiyo kukataa pale mbele ya wazee usikatae. Pokea kwa mikono miwili, sema asante babu, kaa nacho, halafu mpe mdogo wako au mama. Hakuna atakayekufuata kukuangalia mdomoni. Harusini kwenye ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, piga makofi, imba, msaidie anayepiga picha, we si uliyeitwa kula tu.

Msibani na shughulini nenda mapema nyuma kwenye mafiga walipo wamama. Menya viazi, osha mchele, chota maji. Ukiwa umeshafanya kazi unaweza kumwambia mama mkubwa anayesimamia sufuria, shikamoo mama, naomba unitolee wali mweupe kidogo kabla hamjachanganya. Anakutolea kwenye bakuli na kifuniko juu. Ukija saa ya kula umekaa kwenye kiti unaomba chakula chako maalum, kwenye msiba wa watu, hapana. Na siku zote kula nyumbani kabla ya kutoka, beba karanga kwenye mkoba.

Bibi yangu alichukua miaka minne. Mwaka wa kwanza alilia, alisema nani amemroga mjukuu wangu. Sikubishana naye hata siku moja, nilikuwa naenda jikoni kwake, kule kwenye moshi, namwambia bibi nifundishe kiburu, na yeye ananifundisha huku analalamika, magadi kiasi hiki, usikoroge bado, unakoroga nini wewe. Mwaka wa nne nimefika tarehe 23 jioni nimechoka na safari, nikakuta kwenye jiwe la pembeni ya moto kuna sufuria ndogo imefunikwa jani la mgomba, na wajukuu wadogo wamezunguka, na bibi ameshika fimbo anawaambia atakayegusa hiyo ya dada yenu ataniona.

Hatua ya 7: Bweni

Hii fupi. Shule nyingi za bweni chakula cha kila siku ni ugali maharage, kwa hiyo upande wa nyama umeshapona, siku ya nyama ni moja au mbili kwa wiki na hizo ongea na wapishi mapema, wale wamama na wababa wa jikoni ukiwasalimia vizuri hawana shida. Tatizo la bweni ni kwamba hamna kingine zaidi ya maharage, basi kama shule inaruhusu beba karanga, beba malimau, maziwa ya unga, na usile ugali mkavu eti maharage yamekuchosha.

Hatua ya 8: Kama wamekataa kabisa

Kuna nyumba mzazi atasema hapa kwangu hakuna mambo hayo, utakula kilichopikwa. Usigome kula. Usilale njaa ili kumkomoa mama, njaa inakuharibu wewe na inampa yeye sababu. Rudi nyuma kidogo: omba siku tatu kwa wiki badala ya saba, chagua kipande kidogo, jaza sahani maharage na mboga za majani, pika zaidi. Mtafute mkubwa mmoja ndani ya ukoo ambaye mzazi wako anamsikiliza, shangazi, padri, shehe, mwalimu, mama mdogo, umwombe akuongelee. Kama unatishiwa au unapigwa kwa ajili ya hili, hapo jambo si la nyama tena, mwambie mwalimu au ndugu haraka.

Na usiwahubirie wadogo zako. Hili linawakasirisha wazazi kuliko kitu chochote, wanaona unaharibu watoto. Mdogo wangu wa kiume anakula nyama mpaka leo, tunakaa meza moja, anakula zake nakula zangu.

Baba yangu yeye hakuwahi kusema nimekubali. Kila Jumamosi anapita bucha kabla ya kurudi, miaka yote. Nikiwa kidato cha nne, Jumamosi moja akaingia na mfuko wa bucha mkono wa kulia kama kawaida, mkono wa kushoto ana fungu la majani ya kunde, mabichi, yamefungwa kwa kamba ya mgomba. Akaweka nyama upande wa mama. Akayaweka majani mbele yangu, akasema hizi zako, ongeza karanga kama zile za siku ile, akaenda kunawa.